Mguu wa Jogoo Usiuweke Motoni

Ha Tsekane, Milima ya Maluti
19 Juni 1991

Mume wangu Tlali,

Mume wangu! Ni mara ya kwanza naliandika neno hilo, na nimeliandika polepole kama mtoto aliyepewa kalamu ya wino. Mume wangu, mume wangu. Basi, niache, karatasi isije ikaisha kabla ya habari.

Ulipopanda ule mgongo wa mlima nilibaki nimesimama nyuma ya nyumba mpaka blanketi lako likawa doa, na doa likapotea kwenye weupe. Mama akaita, "Malehloa! Huko unakokodolea macho kuna kisima?" Bado sijalizoea jina hili. Najua kila mke anayeletwa hupewa jina la mtoto atakayemzaa, lakini Mama angeweza kuchagua Furaha, au Mvua. Amechagua Theluji kwa sababu ilianguka siku niliyoletwa. Kwa hiyo mimi ni Mama Theluji, nawe, bwana mkubwa, ni Baba Theluji! Wewe peke yako uniite Keneuoe, na iwe kwenye barua tu, asisikie mtu.

Nikupe siri? Unazikumbuka buti zako? Wote walisema, tazameni bi harusi mchapakazi, ameziosha buti za mumewe ndani na nje kabla jua halijachomoza. Hata wewe ulinisifu. Mpenzi, haukuwa uchapakazi! Nilijua buti mbichi haziendi popote. Nilijua lori la kambi lingepita likuache. Ile siku moja ya ziada, wewe peku ndani ya blanketi langu, unatafuna mahindi ya kuchoma na kunichekesha mpaka Mama akagonga ukuta! Hata nikizeeka nikasahau jina langu, siku ile sitaisahau. Najua kesho yake ilikubidi uende kwa miguu, na buti hazijakauka vizuri. Nisamehe. Hapana, usinisamehe, nipende tu.

Sasa habari mbaya. Askofu, jogoo wa Mama, ameumia mguu. Unajua tabia yake: jioni nikiwaingiza kuku bandani yeye hunikimbia, akalale juu ya chuma cha plau kama mlinzi. Usiku wa ile dhoruba iliyotupiga baada ya wewe kuondoka alilala hapohapo. Asubuhi nilimkuta hawezi kushuka. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa, nikivigusa hata hapepesi jicho. Jirani yetu Mamosa akasema ni mwiba. Mama akasema ni panya. Mjomba wako Sekake alipita kuomba ugoro, akainama, akasema, "Huyu ameliwa na baridi," akanusa ugoro wake akaenda dukani kwake.

Mama akamshika akauelekeza mguu kwenye moto wa samadi. Jogoo kimya. Mama akasema, "Unaona? Anapenda," akausogeza zaidi. Kimya. Mpaka tukasikia harufu ya ngozi inaungua, na yeye bado ametulia anatutazama. Kisha Mama akampaka mafuta ya taa. Leo mguu umevimba kama kiazi.

Tlali, huyu ndiye jogoo pekee wa nyumba hii, na mayai yote yanayolaliwa ni yake. Mama amesema mbele ya Mamosa, "Miaka yote jogoo huyu alilala nje akashuka mzima. Mwaka huu tumeleta theluji ndani." Wakacheka. Mama alicheka kwa mdomo, macho hayakuwemo. Akifa, hilo ndilo watakalonikumbuka nalo. Wewe umekaa na baridi miaka mingi kuliko sisi. Niambie nifanye nini.

Nakubusu mahali ambapo Mama hapaoni.

Mkeo,
Keneuoe


Kambi ya Barabara
27 Juni 1991

Keneuoe wangu,

Nilifika. Kazi ni ileile: theluji inaanguka, tunaipiga mabeleshi, inaanguka tena. Ninakula, ninalala. Usiwe na wasiwasi.

Mwambie Mama kwa adabu: mguu wa jogoo usiuweke motoni tena. Mguu uliokufa ganzi hauna wa kupiga kelele ndani yake. Unaungua na mwenyewe anatazama tu, pengine anacheka. Kuna muuguzi alipita hapa kambini akatueleza mambo haya, ndiyo maana nayajua.

Fanya hivi. Maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko, mguu ukae humo mpaka ulainike. Usiusugue. Ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi. Malengelenge yakitokea usiyatoboe. Mafuta ya taa acha kabisa. Alale ndani, kwenye nyasi kavu, na asitoke nje tena kwenye barafu, kwa maana mguu ukiganda mara ya pili ndiyo basi. Ataumia ganzi ikitoka. Hapo ndipo atalia. Usiogope, kilio hicho ni uhai.

Vidole vikiwa vyeusi, usikate, wala asikate mtu mwingine. Mwili wenyewe utachora mstari kati ya kilicho hai na kilichokufa. Ngoja mstari. Kungoja ndiko kugumu.

Je, analala? Niambie kama analala.

Kuhusu buti, zilikuwa kavu kabisa nilipozivaa. Usiwaze tena jambo hilo na usimwambie mtu. Ile siku na mimi ninayo.

Mumeo,
Tlali


Hospitali, mjini
27 Juni 1991

Mjomba Sekake,

Barua hii isomee stoo, mlango umefungwa. Ile nyingine mpe mke wangu, umwambie imetoka kambini. Zote mbili analeta Lebeko, dereva wa lori letu, naye nimemwomba anyamaze.

Sipo kambini. Nilivuka kilele upepo ukiwa usoni, na ndani ya buti kulikuwa na maji. Nilipofika kambini vidole vya mguu wa kushoto sikuvisikia. Wenzangu wakanikalisha mbele ya jiko la makaa. Mimi mwenyewe nikasogeza mguu, nikasogeza tena, nawachekesha kwamba moto wao ni wa picha, mpaka soksi ikatoa moshi. Baadaye malengelenge, na sasa vidole vitatu ni vyeusi. Lebeko alinishusha huku juu ya magunia. Daktari anasema tungoje tuone weusi utasimama wapi. Huenda ni vidole tu. Huenda ni nusu ya mguu. Msimamizi amekwisha kuweka mtu mwingine mahali pangu. Hakuniambia kwa ubaya. Alisema barabara haimngoji mtu.

Usiwaambie wanawake. Keneuoe akisikia ni baridi ya njiani atauliza buti. Aliziosha yeye, kusudi nisiondoke, na ameniandikia hilo kwa furaha ambayo, Mjomba, sijapata kuiona kwa mtu mzima. Nitaikataje? Na Mama akisikia ni buti, unamjua dada yako. Atamrudisha kwao kabla supu haijapoa, na wazee watasema ana haki. Nitampoteza mke kwa sababu ya vidole ambavyo hata sivihisi.

Mpwa wako,
Tlali


Ha Tsekane
6 Julai 1991

Mwanangu Tlali,

Mkono ni wa mkeo, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asitie sukari. Akimaliza atanisomea, na nikisikia sukari tunaanza upya.

Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Ng'ombe wako salama. Kondoo bado wako malisho ya juu na wachungaji wao, theluji imewafungia huko, hata mbwa hashuki.

Sasa nisikilize. Umemwandikia nini msichana huyu? Nyumba yangu imekuwa zahanati ya kuku. Askofu anaogeshwa asubuhi na jioni, tena katika beseni langu la kukandia mkate. Maji yasiwe ya moto, yasiwe ya baridi, mkeo anatumbukiza kiwiko kwanza kama anamwogesha mwana wa mfalme. Amemtandikia nyasi kwenye boksi la sabuni, na boksi liko miguuni pangu. Mimi mjane wa baba yako, uzeeni, nalala chumba kimoja na dume ambalo hata salamu halinipi! Andika hivyohivyo, Malehloa. Usicheke, andika.

Nilimwambia, mwanangu, sufuria ipo. Kazi za jogoo ni mbili, kuwika na kupanda. Huyu hawiki tangu siku ile, na kupanda hawezi. Dume lisiloweza kusimama ni nyama inayongoja chumvi. Yeye ananijibu, "Mama, Tlali ameandika tungoje." Nikisema hivi, Tlali ameandika. Nikisema vile, Tlali ameandika. Barua yako anaivaa kifuani mpaka imelainika kama ngozi ya mbuzi.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu mimi, usimjibu yeye. Mbona huombi kitu? Kila msimu ukiwa kambini unaomba tumbaku, unaomba unga wa mtama, unaomba soksi. Mwaka huu umeoa, ungeomba mara mbili. Mtoto asiyeomba ana jambo.

Mama yako,
Mampoi (dole gumba lake hili hapa)

Haya ya chini ni yangu, mpenzi. Mama ametoka kumpa nguruwe makombo. Usimjali na sufuria yake! Leo asubuhi nimemwona akimsagia Askofu mahindi ndani ya kiganja chake, akidhani nimelala.

Na wewe ni daktari! Kila ulichosema kimetokea. Ganzi ilipotoka alilia kutwa nzima, nami nikalia naye. Sasa mstari umejichora, kweli kabisa, juu yake manjano, chini yake vidole viwili vyeusi kama vimechovywa wino. Vikavu, havinuki. Kulala analala kidogo, anashtukashtuka.

Lazima nikuchekeshe. Jana nilimtoa kwenye jua, mahali pakavu. Akamwona mtetea mwekundu, akajisahau, akaruka ampande, akaanguka ubavu mabawa wazi kama mwavuli uliopigwa na upepo! Mtetea akageuka akamtazama, akaenda zake kwa jogoo wa Mamosa! Mimi na Mama tulicheka mpaka tukashikana mikono. Ndiyo mara ya kwanza Mama kunishika. Dume la mguu mmoja, mpenzi, ni kichekesho kweli!

Ninakungoja. Kila honi nadhani ni wewe.

K.


Dukani, Ha Tsekane
11 Julai 1991

Mpwa wangu,

Mimi nauza chumvi, viberiti na sabuni. Uongo sikuwa nauuza, lakini kwa ajili yako nimeupa rafu.

Mkeo huja kila lori linapopiga honi. Juzi alimshika Lebeko. "Shemeji, mume wangu amenenepa?" Lebeko akaangalia tairi. Mtu mwenye ndevu zake, akaangalia tairi! Nikarukia, "Mkwe, madereva hawapimi wanaume unene." Akacheka, akanunua kiberiti, akaenda. Siku moja hatacheka.

Unamficha asijilaumu. Ni wema. Lakini siku atakapojua, na atajua, atalia mara mbili: mara moja kwa ajili ya buti, mara ya pili kwa sababu mumewe alimwona ni mtu wa kudanganywa. Kilio cha kwanza kina dawa.

Mwandikie kweli. Ama sivyo ujifunze kudanganya vizuri, maana sasa hivi hata jogoo anakushinda. Yeye mguu wake ameuweka hadharani, anaogeshwa.

Mjomba wako,
Sekake


Kambi ya Barabara
18 Julai 1991

Malehloa,

Barua nimeipata, yako na ya Mama.

Nina maswali kuhusu jogoo. Vile vidole vikishaanguka, angalia kama anadonoa mahali vilipokuwa. Anavihisi bado? Vinamwasha? Akitaka kusimama, huuangalia mguu kwanza, au husahau akaanguka? Mitetea imemrudia? Nijibu haya na usiyafanyie mzaha.

La pili. Nimefikiri sana. Sijui nitarudi lini, wala nitarudi na nini. Wewe ni msichana uliyesoma, na kwenu wapo watu. Kondoo wako wa kukaribishwa hajachinjwa, tulisema tutangoja washuke kutoka malisho ya juu. Maziwa ya nyumba yetu bado hujayanywa. Wazee wote wanajua maana yake: wewe bado ni mgeni, na mgeni akiaga hafungiwi mlango. Ukitaka kurudi kwa baba yako kabla kondoo hawajashuka, hakuna atakayekusema. Mimi sitadai kitu. Mwambie baba yako nimesema mimi mwenyewe.

Usinifikirie vibaya.

Tlali


Ha Tsekane
25 Julai 1991

Tlali,

Ni nani huyo?

Ni mpishi wa kambi? Ni binti wa msimamizi? Anatembea vizuri, ana miguu mizuri? Mwambie mimi nami nilikuwa mzuri mwezi uliopita, nina mashahidi.

Malehloa! Jina nililokuomba usiniite, umeniita nalo mstari wa kwanza, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi. Kisha maswali ya kuku. Kisha unaniacha. Nimewasikia wanaume walioacha wake zao kwa pombe, na kwa ugomvi wa mipaka ya shamba, lakini wewe ndiye wa kwanza kumwacha mkewe katika aya inayofuata jogoo!

Mama aliniuliza, "Kasemaje?" Nikasema, "Kasema baridi ni kali." Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika nyumba hii.

Ningejua mapenzi yako yanaisha kwa karatasi moja, nisingekuandikia nne. Wala sitajibu maswali yako. Mwulize huyo jogoo mwenyewe

26 Julai

Naendelea kwenye karatasi ileile. Sina nyingine, tena sitaki kumfuta yule aliyeandika hapo juu. Alikuwa anakupenda, ndiyo maana alikuwa na kelele.

Leo asubuhi kidole kimoja cha Askofu kilibaki kwenye nyasi. Hakikutoa damu. Nikamweka sakafuni. Akasimama, akainamisha kichwa, akadonoa. Akadonoa tena. Hakukuwa na punje pale, Tlali. Alikuwa anadonoa mahali ambapo kidole hakipo.

Nikakaa chini. Nimeishi na jogoo huyu tangu ulipoondoka, nimemwogesha, nimemlilia, na sikuwahi kufikiri kuuliza kama anakihisi kitu kilichoondoka. Mtu anayepiga beleshi mlimani anajuaje kuuliza hivyo? Nikaitoa barua yako ya kwanza kifuani. Mguu uliokufa ganzi hauna wa kupiga kelele. Unaungua na mwenyewe anatazama tu, pengine anacheka. Jogoo hacheki. Ni nani aliyekuwa anacheka?

Nilikimbia dukani bila blanketi. Mjomba Sekake alikuwa anampimia Mamosa sukari.

"Mjomba, ni vidole vingapi?"

"Vidole gani tena, mkwe?"

"Vya mume wangu."

Sukari yote ikamwagika mezani. Mamosa akafungua mdomo, Mjomba akamwambia, "Mama, duka limefungwa," akamsukuma nje na mfuko mtupu. Kisha akaniuliza, "Nani amekwambia? Lebeko?"

"Jogoo."

Akaketi juu ya gunia. "Nilimwonya," alisema. "Nilimwandikia kwamba jogoo atamshinda." Akaniambia yote. Hospitali, jiko la makaa, msimamizi. Kwamba vitatu vilikatwa siku uliyoniandikia barua ile ya kuniacha, kwamba weusi umesimama hapo na kisigino kimepona. Nikamwuliza, "Na buti?" Akaanza kuikusanya sukari kwa kidole, chembe kwa chembe. Basi nikajua.

Nilimkuta Mama mlangoni anachambua maharagwe. Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema. Nikamweleza mguu, nikamweleza buti.

"Uliziosha makusudi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ili asiondoke?"

"Ndiyo."

"Na mguu wa jogoo nilisema ni kosa lako, nikicheka," alisema. Kisha akayaambia maharagwe, si mimi, "Mwanangu mmoja." Akaniambia nitoke mbele ya macho yake. Nikaenda kukaa kwenye plau. Nilifunga mzigo wangu moyoni, kila kitu, hata sufuria ndogo aliyonipa shangazi. Niliufunga na kuufungua. Nikaomba kwamba nikirudishwa, basi wanirudishe kupitia mjini nikuone kwanza.

28 Julai

Jana asubuhi Mama alijifunga blanketi akatoka bila kusema. Nikamwona anarudi kutoka kwa Mamosa anavuta kondoo kwa kamba, na kondoo hataki, na Mama anamtukana mpaka ukoo. Tutamrudishia Mamosa mmoja wetu wakishuka. Mjomba akaitwa, wakaja na wazee wawili. Nilijua kondoo ni wa nini, na sikuamini.

Mjomba akasema, "Dada, ngoja kwanza. Mwana ameandika kwamba msichana yuko huru kwenda." Aliijua hiyo barua kwa sababu nilimwonyesha.

Mama akasema, "Kondoo ni wa nyumba hii, si wa vidole vya Tlali. Chinja."

Wakachinja. Wazee wakasema maneno yao, kwamba mimi ni wa hapa, na kwamba nikifa kaburi langu ni la hapa. Mama akanikatia nyama ya bega, akanishikisha, akainama mpaka masikio yetu yakakaribiana.

"Sijakusamehe," alisema. "Nitakukasirikia, pengine mpaka nife. Lakini mtu wa kumkasirikia hivyo lazima awe wangu. Wageni siwakasirikii. Kula."

Nikala. Nikanywa na maziwa, kibuyu kizima, ya mgando, machozi yakiingia humohumo. Kwa hiyo barua yako imechelewa, Tlali. Nimekwisha kula.

Sasa nakujibu maswali yako bila mzaha.

Ndiyo, anavihisi. Anadonoa pale, zaidi asubuhi. Nadhani vinamwasha. Akitaka kusimama husahau, huanguka, halafu huuangalia mguu kama umemtukana. Lakini leo ameanguka mara chache kuliko jana. Hajawika. Mitetea haijamrudia, isipokuwa yule mzee mwenye jicho moja, anakwenda kukaa naye kwenye jua, wala hawafanyi kitu, wanakaa tu. Kama atapanda tena, sijui. Sitakudanganya. Nilimcheka, na wewe ulikisoma kicheko changu ukiwa kitandani, na kicheko kikishaandikwa hakifutiki. Kinanichoma kuliko unavyodhani.

Nawe usinidanganye tena. Buti zilikuwa mbichi. Usiniandikie kamwe kwamba zilikuwa kavu. Ile siku ilikuwa tamu, bado ni tamu, na tangu juzi kila nikiionja kuna damu ndani yake. Nitaila hivyohivyo. Sitaki uile peke yako upande wa damu na mimi uniachie utamu.

Kazi itakuwaje sijui. Mama hajui. Mjomba anasema dukani kuna kiti, kisha akageukia rafu zake, kwa sababu wote tunajua duka lake linamtosha yeye peke yake, tena kwa shida. Tutalisema ukiwepo.

Lebeko anatushusha kesho, na barua hii nampa atangulie kukuletea wodini wakati sisi tunangoja langoni. Nimesema sisi. Mama naye anakuja. Ameshadai kiti cha mbele, mimi nitakaa juu ya magunia kama ulivyokaa wewe. Najua atasema jambo kali akifika kitandani, na mimi sitamkatiza.

Mume wangu, ukishamaliza kusoma hapa, fungua blanketi. Utatusikia tunakuja, Mama na fimbo yake. Usiuvute mguu ndani. Uache nje, kama ulivyo, nami nitauangalia mbele ya Mama.

Mkeo,
Keneuoe